Tawi la Juu ya Chumba cha Mama Mkwe

Mimi ni seremala, na seremala akisema tawi fulani ni la hatari hakuna anayemwamini. Watu wanamtazama mikono, wanaanza kukadiria kimoyomoyo vitatoka vitanda vingapi. Mtu mwingine yeyote hapa Nsemulwa, awe mwalimu, awe muuza dagaa, angesimama uani kwangu akainua kidole na kusema lile tawi litaua mtu, angeonekana mwenye busara. Nikisema mimi, naulizwa kama siku hizi mbao za mninga zinatafutwa sana.

Naandika jinsi mambo yalivyokwenda kwa sababu nimechoka kusimuliwa na wengine. Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, ana masimulizi yake ambayo ndani yake mimi nimevaa dera la maua makubwa. Dera lilikuwepo, sikatai, ila lilikuwa na sababu zake na nitafika huko.

Mninga wenyewe ulikuwepo kabla ya nyumba. Nilipopata kiwanja, miti ya porini ilikuwa bado imesimama kati ya misingi ya watu, na wenzangu wote wakafyeka ya kwao. Mimi nikauacha wa kwangu, maana nina huruma na mti ulionyooka. Bahati mbaya ulikuwa umenyooka mpaka kimo fulani tu. Kutoka hapo ulitoa tawi moja upande wa mashariki, nene kuliko kiuno changu, na kiuno changu si cha mchezo. Tawi hilo lilipita juu ya chumba cha uani nilichokuwa natunzia mbao, likaenda kuishia juu ya ukuta wa nyuma. Kila mwaka kabla ya mvua lilichanua maua ya njano mpaka bati lote likafunikwa, na asubuhi ilibidi nifagie njia ya kuingilia.

Mbao zangu hazikuwahi kulalamika kukaa chini yake. Kisha akaja mama mkwe.

Aliletwa kutoka Kakese baada ya kuteleza kisimani na kuumia nyonga. Alikuwa anaishi peke yake tangu mumewe afariki, analima mpunga wake, hataki kusumbuliwa. Wanawe wengine wako mbali na wana sababu zao za kuwa mbali. Mke wangu akaniambia mama anakuja na mbao zinatoka, akaniambia yote mawili katika pumzi moja, na mbao zikatoka.

Hapa lazima nieleze mambo yetu, maana ndipo kila kitu kilipoharibikia. Mimi ni Mpimbwe wa upande wa Kasansa, mke wangu ni Mkonongo, na kwa namna tulivyolelewa sisi wawili, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono. Hawali chombo kimoja. Akipita njia hii, wewe unashika ile. Kuongea naye ana kwa ana ni kukosa adabu, na kukaa mahali palipo juu ya kichwa chake ndiyo usiseme kabisa. Vijana wa sasa wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao na sijaona aliyedondoka akafa, lakini mimi nililelewa na baba aliyewahi kuingia mtaroni na baiskeli ili asipishane na mama mkwe wake barabarani. Baba alipona, baiskeli haikupona.

Kwa hiyo siku mama mkwe alipofika, nilipoona bajaji imesimama getini, nilitimiza heshima yote niliyofundishwa. Nilikimbilia kwenye banda langu la kazi, nikajifungia, nikaanza kupiga randa. Nilipiga randa ubao mmoja mpaka ukabaki mwembamba kiasi kwamba haukufaa hata kwa mlango wa banda la kuku. Huko nje nilisikia watoto wakimwamkia, wanawake wakimpa pole, jirani akimkaribisha kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Nilijiona mkwe mwema kupita kiasi.

Alikuja na sanduku la bati, mkeka, jembe na mzinga wa nyuki. Ulikuwa mzinga wa gogo, wa marehemu mume wake, na alama ya marehemu imechongwa ubavuni, kwa sababu kwao kila mrina asali ana alama yake na hakuna anayegusa mzinga wa mwenzake. Wiki hiyo hiyo akamwagiza mke wangu kwamba mzinga utundikwe kwenye tawi la mninga, mwisho kabisa, kule ukutani. Nilikwenda kuutundika siku yeye alipopelekwa hospitali kuangaliwa nyonga. Nilidhani ni kumbukumbu tu ya mjane, kitu cha kutazama jioni. Haikupita hata miezi miwili, kundi la nyuki likatua humo lenyewe. Siku hiyo mama mkwe aliimba tangu asubuhi, na mke wangu akaja kunipa habari ambayo hakuonekana kuifurahia.

“Mayu amesema siku tawi hilo litakapokatwa, siku hiyo hiyo anarudi Kakese,” akaniambia. Mayu ndivyo anavyomwita mama yake. “Na kule hakuna hata wa kumchotea maji. Akirudi, nyie mtakuja kunizikia mama yangu. Kwa hiyo wewe na hilo tawi mpatane.”

Wakati huo sikuwa na ugomvi nalo. Nikasema sawa.

Kuishi ua mmoja na mtu usiyeongea naye kunahitaji ufundi wake. Mke wangu akiwepo, yeye ndiye aliyekuwa simu yetu. Lakini mke wangu anauza vitenge sokoni, anatoka asubuhi anarudi jioni, na watoto wako shule. Mchana tulibaki mimi, mama mkwe na kuku mmoja mweupe, mzee, ambaye alikuwa ameshaacha kutaga na alishinda kati ya mlango wangu na mlango wake. Mama mkwe ndiye aliyeanza. Siku moja nikiwa napiga msasa nilimsikia akisema kwamba wewe kuku, mwambie mwenye nyumba mkaa umeisha. Nikajaza mkaa kwenye ndoo ndogo, nikaiweka katikati ya ua, nikarudi ndani, nikakohoa. Akatoka akaichukua. Siku nyingine mimi ndiye niliyemwambia kuku kwamba umeme utakatika mpaka jioni, kama kuna mtu anataka kuchaji simu achaji mapema. Tuliishi hivyo karibu mwaka mzima bila hata kutoelewana kumoja, na nilimheshimu yule kuku kuliko wajumbe wengi wa mtaa wetu.

Kisha zikaja zile pepo za kabla ya mvua, zinazobeba vumbi la barabara nzima na kulimwaga sebuleni, na nikasikia tawi likilia. Sizungumzi kwa mafumbo. Mti mzima ukipigwa na upepo unatoa sauti moja, ulioharibika ndani unatoa nyingine, na mimi kazi yangu ni kugonga miti na kusikiliza. Nilisimama chini yake na kikombe cha chai mkononi, nikasikia mlio mfupi, mkavu, kutoka pale tawi linapotokea kwenye shina. Nikaangalia chini. Usawa wa mlio ule kulikuwa na dirisha la mama mkwe.

Nilimwambia mke wangu jioni ile. Akaniuliza, bila kuinua macho kwenye kitenge alichokuwa anakunja, litatoa mbao ngapi. Hata yeye. Nilikasirika nikaenda kulala bila kula, nikaamka baadaye nikala.

Jirani naye nikamweleza. Akasema mninga hauozi, yeye amebeba magogo ya mninga maisha yake yote na hajaona hata moja lililooza. Nikamwambia yaliyooza hayapakiwi kwenye lori. Tukanuniana siku mbili. Siku ya tatu akaja na wazo kwamba tuweke nguzo chini ya tawi, nguzo kubwa kama ya umeme, tawi lilale juu yake kwa raha. Alikuwa amepiga hatua akapima mpaka mahali pa kuchimbia. Nilimwonyesha kwamba nguzo hiyo ingepita katikati ya kitanda cha mama mkwe, akasema kitanda kinaweza kusogezwa.

Nikaenda na kwa watu wa misitu kuuliza, maana mninga hata ukiwa uani kwako una wenyewe. Walikuja, wakautazama kutoka chini, wakasema kama kweli ni hatari kwa makazi naruhusiwa kupunguza tawi, ila nionyeshe hiyo hatari iko wapi. Ilikuwa haki yao. Kutoka chini tawi lilionekana zima, limechanua, nyuki wanaingia na kutoka, huwezi kulidhania baya.

Ikabidi nipande. Na kupanda kulikuwa na tatizo lake, kwa sababu kutoka pale juu ningekuwa juu ya kichwa cha mama mkwe, na nimeshasema hilo ni jambo la namna gani. Nikasubiri Alhamisi, siku ya jumuiya, ambapo yeye huenda kusali kwa jirani wa nyumba ya tatu na kwa mwendo wake wa fimbo hachukui chini ya saa mbili kwenda, kusali na kurudi. Alipotoka getini nikaegemeza ngazi. Nilikuwa na kaptula yangu ya kazi, ile iliyochanika nyuma, ambayo mke wangu ameitupa mara tatu na mimi nimeiokota mara tatu.

Nilipanda mpaka pale tawi linapoachana na shina, kwenye kikwapa chake, nikakaa nimelipanda kama farasi, nyuki wakiwa mbali kule mwisho. Nikabandua gamba kwa patasi. Ndani kulikuwa na tundu. Nikachomeka futi yangu ya mbao kwenye tundu hilo, nikisubiri igonge mti mzima. Haikugonga. Ilizama mpaka mahali nilipoishika, na ilipotoka ilikuwa imelowa, imejaa unga wa kahawia unaonuka. Tawi lote lile lilikuwa limeshikiliwa na gamba na mkono mmoja wa mti mzima upande wa juu. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimekalia nini.

Hapo ndipo geti likafunguka. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwenye nyumba ya jumuiya alikuwa amefiwa na sala imeahirishwa, lakini kwa wakati ule nilichojua ni kwamba mama mkwe anakuja na fimbo yake, polepole, ameinamisha kichwa. Alifika mlangoni kwake, akavuta kigoda, akaleta ungo wa mchele, akakaa chini yangu kabisa na kuanza kuchambua.

Nilifikiri njia zote. Kushuka kwa ngazi kulimaanisha kumpa mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa na ile kaptula. Kuruka upande wa ukuta kulimaanisha kupita kwa nyuki. Kubaki kulimaanisha kukaa juu ya kichwa cha mama mkwe, kwenye tawi bovu, mchana kweupe. Nikabaki. Nilimwomba Mungu asiangalie juu. Maji moto walikuja, wale siafu wekundu wa mitini, wakaanza kunitembelea mguuni na kuuma pale walipopenda, na nikawaacha waume. Mchele ulikuwa mwingi. Alichambua punje moja moja, na sasa naamini alikuwa anafanya makusudi.

“Wewe kuku,” akasema mwishowe, bila kuinua kichwa, “mwambie huyo aliye juu kwamba nyuki hawapendi jasho. Asijifute kwa kupunga mkono.”

Niliona dunia imefika mwisho. Lakini nilikuwa nimesemeshwa, na kunyamaza ni dharau. Kuku alikuwa miguuni kwake na sikuweza kumtumia kutoka nilipo. Nikageukia upande wa mzinga.

“Nyie nyuki,” nikasema, taratibu nisiwashtue, “mwambieni aliye chini naomba radhi sana kwa mahali nilipo.”

“Kuku, mwambie mimi nimeona viatu tu.”

Ulikuwa uongo wa huruma na nilimshukuru nao moyoni. Nikaendelea, maana sasa yalikuwa yameshamwagika.

“Nyuki, mwambieni tawi limeoza. Kwenye kikwapa. Lipo tundu linameza futi nzima.”

Akachambua kidogo. Akatupa jiwe moja pembeni.

“Kuku, mwambie mninga huchukua miaka kuoza. Ila kitanda cha mninga hakichukui hata wiki kununuliwa.”

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, na siku ile zilinijia nikiwa mahali pabaya kabisa pa kuzipokea. Nikaapa mbele ya nyuki wote kwamba hakuna kipande cha tawi lile kitakachoingia kwenye banda langu, hata cha kuwashia moto, na kama haniamini ajionee mwenyewe, nikaitupa futi chini. Nilikusudia ianguke karibu naye. Ikaangukia ndani ya ungo. Mchele ukaruka, kuku akapiga kelele akatimua mbio mpaka nje ya geti, tukabaki wawili bila mjumbe.

Mama mkwe aliiokota futi. Akatazama pale ule unga mbichi ulipoishia. Akaupaka kwenye vidole, akanusa. Yule alikuwa mke wa mrina asali, ametembea porini na mumewe miaka mingi wakitafuta miti yenye mashimo, na harufu ile aliijua kuliko mimi. Aliinua uso kidogo, si kwa kunitazama, akalifuata tawi kwa macho kutoka kwenye shina mpaka juu ya bati lake.

“Mimi kichwa nalaza upande huu,” akasema. Hakumwambia kuku wala mtu yeyote.

Kisha akakusanya mchele wake, akaingia ndani na kigoda chake, akafunga mlango na kusukuma komeo kwa kelele, kelele nyingi kuliko zilizohitajika, ili nijue naweza kushuka. Nilishuka nikiwa nimevimba miguu yote miwili. Nilimpenda mwanamke yule wakati ule, nasema wazi.

Jioni mke wangu akaniletea masharti. Tawi likatwe. Lakini kabla ya kukatwa, mzinga uhamishwe upande wa pili wa mti uleule, kwenye tawi dogo lililo juu ya banda langu. Nyuki wakikubali kukaa, na yeye atakaa. Wasipokubali, yeye alishasema neno lake na halibadilishi. Niliuliza kama tunaweza kuliacha jambo la watu liamuliwe na watu. Mke wangu akasema niende nikawaulize nyuki, si nimeshazoeana nao.

Kuhamisha ilibidi niwe mimi, kwa kuwa mama mkwe hakutaka mgeni aguse mzinga wenye alama ya mumewe, na mkwe angalau ni wa nyumbani. Sina mavazi ya mrina asali. Nilivaa suruali mbili, soksi mikononi, chandarua kichwani, na juu ya vyote dera la mke wangu, kwa sababu ndilo vazi pekee katika nyumba ile linalofunika mtu mzima bila kumbana mahali. Jua lilikuwa linazama. Mama mkwe alielekeza kutoka dirishani, amegeuka upande, kwamba moshi zaidi, kwamba polepole, kwamba ziba mlango wao kwa majani. Niliteremsha mzinga kwa kamba, nikaupandisha upande wa pili, na nyuki wakanipata mahali pawili tu ambapo sitapataja. Nilipogeuka nikamwona jirani ameweka kidevu juu ya ukuta. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililonitisha.

Kesho yake, watu wa misitu wakiwa wameshaiona ile futi na kuniruhusu, akaja fundi wa chensoo na vijana wake wa kamba. Mama mkwe alikaa upande wa barabarani, kwa majirani. Walilikata kuanzia mwisho, kipande kwa kipande, kila kipande kikiteremshwa kwa kamba, na ule utomvu mwekundu wa mninga ukatiririka kwenye bati kama tumechinja. Walipofika kwenye kikwapa hawakuhitaji hata kumaliza kukata. Lilivunjika lenyewe kwa mlio uleule niliousikia na kikombe mkononi, na ingawa kamba ililizuia, kona ya bati ilipinda. Ndani kulikuwa na pango. Jirani aliingiza kichwa chote humo, akakitoa, akatangaza kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Kila aliyekuja kutazama aliguna na kunitazama kwa macho mengine. Nilizunguka ua ule na mikono nyuma mchana kutwa. Sijawahi kuwa sahihi mbele ya watu wengi kiasi kile.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema. Jua lilipanda, likapata joto, na mzinga juu ya banda langu ukawa kimya. Nilisubiri. Nikaugonga kwa ufito mrefu, nikarudi nyuma mbio, nikaona nimejisumbua bure. Walikuwa wameondoka wote.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, chini ya anga tupu, bati juu yake limeanza kulia kwa joto. Alisikiliza kama mimi nilivyosikiliza. Akaingia ndani, na baada ya muda nikasikia kifuniko cha sanduku la bati.

Mke wangu alikuwa ameshaondoka alfajiri kwenda mnadani na vitenge vyake, na simu yake haikupatikana. Watoto walikuwa shule. Nilizunguka banda langu, nikachukua nyundo, nikaiweka, nikaichukua tena. Mama mkwe alitoka, akamwomba kijana mmoja mpita njia amsogezee sanduku mpaka getini, akakaa juu yake na mkeka mapajani, akitazama barabarani. Alikuwa ameshaita bajaji.

Nilijiambia kwamba adabu hainiruhusu. Nilijiambia hivyo mara mbili. Halafu nikaona nyonga yake ile mbovu ilivyokaa upande juu ya sanduku, nikaona Kakese, nikaona kisima kile, nikatoka.

Nilisimama hatua nne kutoka kwake nikitazama ukuta.

“Mama,” nikasema. “Nitakutafutia nyuki wengine. Kuna watu nawafahamu.”

Aligeuza macho uani. Nadhani na yeye alikuwa anatafuta wa kumpitishia maneno, na hakuwepo.

“Sina shida na nyuki,” akasema. “Nyuki wakipachoka mahali wanaondoka. Ni haki yao.”

“Sasa unaondokea nini?”

Bajaji ikafika. Dereva akazima injini, akatutazama, akajifanya anaangalia tairi.

“Wale nyuki walinikuta hapa mgeni,” mama mkwe akasema. “Wakaja wenyewe, wakaingia kwenye mzinga wangu. Nikasema basi, kuna waliokubali nikae. Siku niliyofika jirani yako alinikaribisha. Watoto walinikaribisha. Mpaka mwenyekiti wa mtaa alikuja. Mwenye nyumba nilimsikia anapiga randa. Mwaka mzima nalala kwenye stoo ya mtu ambaye hajawahi kuniambia karibu.”

Nilitaka kumwambia ni heshima. Neno lilifika mdomoni na likanishinda kulitoa, maana nilijua heshima ile ilimfaa nani. Mkaa nilimpa, umeme nilimwambia, dari nilimwekea, na ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba nimemtunza vizuri. Niliona aibu. Si ile aibu ya ukwe, ile nyingine, ya mtu mzima aliyekosea.

“Karibu, mama,” nikasema.

“Wapi?”

“Nyumbani.”

“Kwa nani?”

Niliacha kutazama ukuta. “Kwako,” nikasema. “Karibu kwako. Usiende, nakuomba.”

Dereva wa bajaji alikuwa ameshamaliza matairi yote matatu. Kisha mama mkwe akamwambia amwie radhi kwa usumbufu, na kwamba kama hatojali, sanduku lirudi ndani. Akaninyooshea mkono nimwinue. Nikaushika, mkono mgumu wa jembe, na nilipomvuta tukatazamana usoni. Ana macho ya mke wangu, yaleyale, hata ule mkunjo wa pembeni. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na minne na sikuwa najua.